Tena

Mabati manne, yamekamatwa na kutu.
Nimeyafungua kwa kisu cha kuparia samaki
na harufu iliyonipiga ni ya siki,
kama achari ya ndimu iliyosahauliwa darini.
Kumbe kanda nazo huchacha.

Juu ya bati la kwanza, mwandiko wa baba, wino wa buluu:
SHAAME NA WENZIWE WATATU. VIKOKOTONI.
KUANZIA SAA TATU USIKU MPAKA UMEME UKATIKE.

Wenziwe ni hawa.
Anselmo, mshona suti wa Mkunazini, kwenye piano
ambayo mchwa walishaila oktava ya chini.
Mzee Ngwali, besi, aliyeazimwa kilabu cha taarabu
kwa sharti arudishwe kabla ya harusi ya Ijumaa,
yeye na besi yake.
Koplo Vuai wa bendi ya polisi, ngoma,
kavua viatu ili kanyagio lisilie.
Na Shaame mwenyewe, Mpemba wa Chwale,
na saksafoni ya kununua kwa baharia,
imebonyea shingoni kama sufuria ya shughuli.

Saksafoni ya namna ile huitwa tena.
Sikulicheka jina hilo mpaka nilipozisikia kanda.
Kipande kikisha, kimya kidogo, kiti kinalia,
halafu sauti ya baba yangu,
kijana kuliko nilivyo mimi leo:
"Tena."
Na wanaanza.

Mara ya kwanza anapiga kama aliyefundishwa.
Mara ya tatu Koplo anamkimbiza, na mtu anakohoa.
Mara ya tano
naisikia Pemba.

Aliyewahi kusimama kiwanjani siku ya mchezo wa ng'ombe
anajua kazi ya zumari.
Haimbembelezi dume. Inamtukana,
mashavu yamejaa, pumzi haina mwisho,
mpaka dume anakuja na pembe zake zote
na kijana anapinda kiuno, kidogo tu,
ng'ombe anapita na upepo.
Ndivyo Shaame anavyoichokoza nota.
Piano inamjia na uzito wote wa Anselmo
na yeye hayupo,
yuko nusu hatua pembeni,
anacheka kwa shaba.

Mengine nayajua kwa vipande.
Santuri moja ilitoka, nakala mia mbili,
jina limeandikwa Shabani.
Miaka sita alipika wali melini.
Usiku mmoja, Rotterdam, alipanda jukwaani na wenyeji;
wakamuuliza amejifunza wapi kuchelewa vile
na bado akafika.
"Kwa ng'ombe," aliwajibu.
Wakadhani lugha imempiga chenga.

Akarudi Wete, karani wa mizani ya karafuu.
Alipokosa ulimi wa kununua
alichonga wa matete, akaloweka mdomoni
huku anahesabu magunia ya watu.
Kisha meno ya mbele yakatoka, mawili, siku moja na nyingine.
Akamwandikia baba:
"Saksafoni yataka meno.
Karafuu hata kibogoyo anapima."
Barua haina neno jingine ila salamu.

Kanda ya nne sikuijua mpaka jana.
Umeme wa usiku ule haukukatika ghafla,
ulififia,
na mashine ya baba ikawa inazirai polepole
huku inaandika.
Kwa hiyo leo, nikiicheza kwa mwendo wa kawaida,
sauti inapanda.
Ngoma za Koplo zinakuwa mvua juu ya bati,
besi ya Mzee Ngwali inakuwa udi,
na tena ile, nene, ya kifuani,
inakonda, inakonda, inapanda,
mpaka kwa pumzi mbili za mwisho
ni zumari kabisa, Chwale, vumbi, watu wanapiga kelele,
dume keshatoka.

Halafu ukanda mtupu, unavuma.
Nilingoja lile neno.
Umeme ulikuwa umeshakwenda; baba, kama alilisema,
alilisema gizani.
Nikauzungusha ukanda nyuma kwa kidole,
maana mota yangu nayo imechoka,
na mikono yangu ikanuka siki
hadi chakula cha usiku.